BEI NA DENI

Chakula cha asubuhi ni mojawapo ya mambo ambayo mtu huyapita kila siku bila kuyatazama. Tumbo lina njaa, saa inakimbia, na akili imekwisha kutangulia shuleni au kazini. Mkono hupokea, kinywa hutafuna, fedha hutolewa, na safari huanza. Lakini mambo madogo yakichunguzwa huzaa maswali makubwa, na swali moja nataka tulichungue pamoja, msomaji. Ni hili: mtu akiisha kulipa bei ya kazi aliyofanyiwa na mwenzake, je, deni lake limekwisha?

Usiharakishe kujibu. Najua jibu lililo karibu na ulimi: "Nimelipa, sidaiwi." Ni jibu la haki sokoni, na bila ya jibu hilo biashara haiwezi kwenda. Hata hivyo nataka tulipime kwa mfano wa mbali, kwa sababu mwenye nyumba huzoea vumbi lake asilione, na mgeni huliona mara aingiapo.

Kaskazini-mashariki ya Honshu, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Japani, katika mkoa wa Fukushima, upo mji mdogo uitwao Kitakata. Ni mji wa mashamba ya mpunga na maghala ya zamani, na watu wake ni mafundi wa kutengeneza pombe ya mchele na mchuzi wa soya. Sifa yake kubwa ni mikahawa midogo ya rameni, ambayo ni mingi kupita ilivyo kawaida kwa mji wa ukubwa huo. Rameni ni tambi za ngano ndani ya mchuzi wa moto. Asili yake ni Uchina. Mwaka 1910 mkahawa uitwao Rairaiken ulifunguliwa Asakusa, mtaa wa Tokyo, ukawa miongoni mwa ya kwanza kuwauzia tambi hizo watu wa kawaida. Na Kitakata zilifika katika miaka ya 1920 kwa mikono ya kijana Mchina, Ban Kinsei, aliyeanza kuziuza kwa mkokoteni. Unga wake hukandwa kwa maji, chumvi na magadi, ndugu wa magadi haya yetu yatokayo Ziwa Magadi. Magadi ndiyo yanayozipa tambi rangi ya manjano na nguvu ya kuvutika zisikatike upesi.

Jambo linalomshangaza mgeni ni kwamba watu wa Kitakata hula rameni asubuhi. Mikahawa mingine hufungua mlango saa moja ya asubuhi, na desturi hiyo ina jina lake, asa-ra, maana asa ni asubuhi. Wenyeji husimulia kwamba ilianza kwa ajili ya wafanyakazi waliotoka zamu ya usiku viwandani, na wakulima walioingia shambani kabla ya jua. Katika mji wa Fujieda, mkoa wa Shizuoka, desturi kama hiyo ilikua pamoja na biashara ya majani ya chai, ambayo watu wake huamka mapema mno.

Labda unacheka kusikia mchuzi na tambi wakati wa chai. Usicheke. Pwani yetu watu hufungua kinywa kwa mahamri na mbaazi za nazi, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki utamwona mpagazi akinywa supu ya mifupa kwa chapati kabla jua halijapanda. Aliyeamka saa kumi ya usiku hana asubuhi moja na aliyeamka saa mbili. Chakula hufuata kazi. Hakifuati saa ya ukutani. Ukitaka kujua kwa nini watu hula wanachokula, waulize kwanza wametoka wapi.

Sasa tutazame upande wa pili wa meza, anakosimama mpishi. Mchuzi wa Kitakata hutokana na mifupa ya nguruwe na samaki wadogo waliokaushwa, mfano wa dagaa. Nyama hiyo si halali kwa kila msomaji wangu, nami simwiti kwenye bakuli. Namwita kwenye swali. Mifupa haijui haraka. Yataka moto wa saa nyingi, na mtu wa kuutazama, kuondoa povu na kuonja. Ili mteja wa saa moja apate bakuli lenye mvuke, yapasa moto uwe umewashwa wakati mteja huyo angali amelala. Kwa hiyo kila anayekula mapema analishwa na mtu aliyeamka mapema kuliko yeye.

Katika mikahawa mingi ya rameni nchini Japani, mlangoni husimama mashine ya tiketi. Mteja hutia fedha, hubonyeza kitufe, hupokea tiketi yake na kuiweka mbele ya mpishi. Hesabu imefungwa kabla tambi hazijatiwa katika maji ya moto. Wala pale hapana desturi ya bahashishi. Bei ni bei. Kwa sheria ya soko, watu hawa wawili hawadaiani hata senti moja.

Lakini angalia linalofuata. Kabla ya kula, mteja husema neno moja, itadakimasu, ambalo maana yake ni kwamba napokea kwa unyenyekevu. Hula upesi, akizivuta tambi kwa sauti, jambo ambalo huko si utovu wa adabu. Akiisha, huinuka, na katika mikahawa mingine hulirudisha bakuli mwenyewe juu ya meza ya mpishi. Kisha humwambia: gochisosama. Neno hilo hutafsiriwa kuwa ni ahsante kwa chakula, lakini maandishi yake yana maana ya ndani. Katikati yake zimo herufi mbili: moja ni ya farasi aendaye mbio, na ya pili ni ya kukimbia. Asemaye neno hilo, ajue au asijue, anamshukuru mwenziwe kwa mbio zake. Kwa kuhangaika huku na huku ili bakuli lipatikane.

Hapo swali letu husimama wazi. Ikiwa deni lilikwisha mlangoni, kwenye mashine, basi shukrani hii inalipa nini?

Mtu wa kwanza atasema kwamba hailipi kitu. Ni mazoea ya mdomo. Kweli, wengi hulisema neno hilo bila kufikiri, kama wengi wetu tunavyosema "ahsante" huku macho yetu yako kwingine. Lakini mazoea mema ni fikira za waliotutangulia zilizowekwa akiba. Ukuta haukosi kuwa ukuta kwa sababu anayeuegemea hamjui aliyeujenga. Wazee hawakutunga neno la kushukuru mbio ila kwa kuwa waliziona mbio.

Mtu wa pili ana hoja nzito zaidi, na yapasa aheshimiwe. Mwaka 1776 Mskochi Adam Smith aliandika kwamba hatupati chakula chetu kwa wema wa muuza nyama na mwoka mikate, bali kwa kuwa wao wenyewe hutafuta faida yao. Ni kweli. Mpishi wa Kitakata hakuamka usiku kwa kunipenda mimi au wewe; hatujui. Ana kodi ya nyumba, ana watoto, ana deni la unga. Basi kwa nini nimshukuru mtu aliyejitafutia riziki?

Nakubali kwamba faida ndiyo iliyomfanya afungue mlango. Lakini faida haielezi yote aliyoyatenda ndani. Upo usiku ambao mifupa ni michache na mwili umechoka. Angeweza kuongeza maji. Angeweza kuuchanganya mchuzi wa leo na mabaki ya jana. Mteja mwenye usingizi asingejua, na bei ingekuwa ile ile. Utasema kwamba angepoteza wateja. Pengine, lakini si kila hila hugunduliwa, na kila fundi anajua ni hila ipi katika kazi yake ambayo haitagunduliwa kamwe. Jambo jema alitendalo mtu mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki halimo katika bei. Halikuulizwa, halikupimwa, halikuandikwa juu ya tiketi. Bei hununua bakuli. Uaminifu uliomo ndani ya bakuli hupewa bure.

Tena bei si kipimo cha haki cha taabu. Bei hueleza wanunuzi wako tayari kutoa nini. Haielezi mpishi aliamka saa ngapi. Katika miaka hii ya 2020, unga, nyama na umeme vimepanda gharama nchini Japani, na wenye mikahawa midogo ya rameni wamesita kuuza bakuli kwa zaidi ya yen 1,000, kwa hofu kwamba wateja watakimbia. Tofauti kati ya bei na gharama humwangukia mpishi mwenyewe, na wengine wamefunga milango. Mteja aliyelipa bei kamili huenda hakulipa kazi kamili, wala hakufanya kosa lolote. Hivyo mtu mwaminifu asiye na lawama sokoni aweza kuwa mdeni nje ya soko.

Hapa sharti nikuonye, maana fikira njema ikivutwa sana hukatika. Wako watu ambao, wakisikia kwamba kazi haiwezi kulipwa yote kwa fedha, hufurahi na kuilipa kwa maneno. Humsifu mtumishi wao mbele ya wageni na kumchelewesha mshahara. Shukrani ya namna hiyo ni wizi uliovaa kanzu safi. Mteja wa Kitakata hulipa kwanza, kisha hushukuru. Wala mpangilio huo si wa bahati. Bei ni haki ya kazi, na shukrani ni haki ya uaminifu. Moja haikai katika kiti cha nyingine.

Sasa, ikiwa deni lipo, hulipwaje? Sehemu moja hulipwa kwa kutambua: kumtazama mtu usoni na kumwita kwa jina. Sehemu ya pili hulipwa kwa kutoharibu, maana anayemwaga chakula humwaga na usiku wa mwenziwe. Lakini sehemu hizo mbili hazitoshi, kwa sababu wengi wanaotutendea hatuwaoni. Mwaka 1958 Momofuku Ando alileta sokoni tambi zilizokwisha kupikwa na kukaushwa, zinazoiva kwa kumiminiwa maji ya moto tu. Leo pakiti za tambi za namna hiyo zimo katika maduka ya Kenya, na huenda wewe mwenyewe umezila. Pakiti haina uso wa kuambiwa ahsante. Nyuma yake wamo mkulima wa ngano, msagaji, mtu wa kiwandani na dereva wa usiku, nasi hatutawajua. Tutawalipaje?

Naona njia moja tu. Kwa kuwa wao walituamkia bila kutujua, yatupasa nasi tuwaamkie wengine tusiowajua. Deni ambalo haliwezi kurudi lilikotoka na liende mbele. Muuguzi wa zamu ya usiku anayepima dawa kwa makini ilhali mgonjwa amelala, mwashi anayetia saruji ya kutosha katika msingi utakaofukiwa, mwalimu anayesahihisha daftari la thelathini kwa uangalifu aliosahihishia la kwanza: hao wote wanalipa deni la asubuhi zao.

Nawe, mwanafunzi, hili halipo Japani peke yake. Ukiwa katika shule ya bweni, kuna mtu anayewasha moto jikoni wakati wewe umejifunika blanketi. Ada imelipwa, naam, mzazi wako ameilipa, labda kwa kuuza mbuzi au gunia la mahindi. Ada hiyo ni kama tiketi ya mashine: imefunga hesabu mlangoni. Wako wanafunzi ambao kwa sababu hiyo huupokea uji wamegeuza uso, huunung'unikia na kuumwaga nyuma ya bweni, wakisema kwamba uji ni haki yao. Wanasema kweli. Uji ni haki yao, na ukipikwa vibaya wana haki ya kulalamika kwa adabu. Lakini mtu aliyeondoa wadudu katika unga kabla ya alfajiri, asionwe na mwalimu wala mkaguzi, hakuuza jambo hilo. Alilitoa.

Basi jiulize swali moja, nami sitakusaidia kulijibu. Umekula kwa mikono ya mpishi huyo muhula mzima, labda miaka. Je, unalijua jina lake?