Hesabu ya Wagonjwa na Dhamiri Yetu

Mwezi wa Mei 2020, maradhi ya Korona yalipokuwa mapya nchini, mama mmoja wa Kasulu alitusimamisha njiani. Alikuwa akitayarisha arusi ya binti yake, naye alitaka kumleta mama mkwe wake kwa basi kutoka Kibondo, bibi aliyekwisha kupita miaka themanini na mwenye kifua kibovu. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema, kisha akauliza, "Padre, je, ni salama nimlete?" Tulimjibu bila kusita: "Mama, hatujasikia mgonjwa hata mmoja katika wilaya yetu." Alishukuru, akaenda zake.

Bibi alikuja, akashangilia arusi, akarudi Kibondo, wala hakupatwa na neno. Hata hivyo miaka imepita na jibu letu lingali latusumbua. Latusumbua kwa kuwa halikuwa jibu la swali lile. Mama alituuliza kama kuna hatari; sisi tulimwambia kama kuna habari. Hatari na habari si kitu kimoja. Wala kufika salama si ushahidi kuwa njia ilikuwa salama. Mtu akivuka mto Malagarasi wakati wa masika katika mtumbwi wenye ufa, akafika ng'ambo, hatumsifu kwa akili yake; twamshukuru Mungu tu, na twamshauri azibe ufa.

Basi tuitazame hesabu yenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini mwetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mapema mwezi wa Mei mwaka ule ule hesabu ya taifa ilifikia wagonjwa 509 na vifo 21, ikasimama hapo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu aliyeisoma hesabu ile katika mwezi wa Februari 2021 alisoma jambo la miezi tisa iliyopita, kama msafiri anayeuliza habari za mvua akaonyeshwa mawingu ya mwaka jana. Wakati huo huo misiba ilikuwa ikiendelea. Mwezi wa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaonya waamini wajikinge na wimbi jipya la maradhi. Mwezi wa Machi Katibu Mkuu wa Baraza hilo, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika muda wa miezi miwili walikuwa wamefariki mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike 60. Hatudai kwamba kila kifo katika hivyo kilipimwa kikathibitishwa. Twasema tu kwamba makaburi yalikuwa yakihesabika na wagonjwa hawahesabiki.

Lakini tusidhani kwamba hesabu hupungua pale tu inaposimamishwa. Hata ikitangazwa kila siku kwa uaminifu kamili, haiwezi kuwa sawa na wagonjwa waliopo. Fikiri jinsi mtu mmoja anavyoingia katika hesabu. Kwanza yampasa auone ugonjwa mwilini mwake. Na wengi walioambukizwa Korona hawakuona dalili yo yote. Kisha yampasa aende zahanati, na huenda ni mwendo wa saa kadhaa kwa miguu milimani. Yampasa mganga amshuku, achukue sampuli, na sampuli isafiri. Mwanzoni mwa mwaka 2020 vipimo vilifanywa katika maabara ya taifa Dar es Salaam, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka kwetu. Mwishowe yapasa majibu yarudi na yatangazwe. Katika kila hatua wengine huanguka njiani. Afikaye mwisho ndiye huitwa "mgonjwa mmoja".

Majirani zetu wa Kenya walitupatia kipimo cha jambo hili. Kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020, wataalamu wa KEMRI huko Kilifi pamoja na wenzao waliipima damu ya watu 3,098 waliojitolea damu kwa ajili ya wagonjwa, wakitafuta kingamwili, yaani alama iachwayo mwilini na maambukizi yaliyopita. Watu 174 walikuwa nayo. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, jinsia na mahali, walikadiria kwamba yapata watu wanne katika kila mia walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 47, hao hukaribia milioni 2. Nayo hesabu iliyotangazwa huko Kenya siku zile ilikuwa haijafika wagonjwa 5,000. Kwa kila mmoja aliyejulikana, mamia hawakujulikana. Hapo hakuna aliyesema uongo. Hesabu ilisema kweli juu ya waliopatikana, ikanyamaza juu ya wasiopatikana. Hayo si makosa yake. Makosa ni yetu tunaposikia kimya chake tukakiita "hapana".

Mnunuzi wa maharage sokoni Kasulu aelewa jambo hili kuliko wengi wetu tuliosoma. Hatazami mdomo wa gunia tu, akaona punje nzuri, akalipa. Huchoma bambo lake ubavuni, tena chini, kwa maana ajua kwamba asichokiona chaweza kuwamo. Naye hasemi kwamba gunia zima limeoza kwa sababu hakuona ndani. Hukadiria, kisha hutenda kwa kadiri hiyo.

Je, mtu wa kawaida aweza kukadiria? Aweza, tena si kwa hesabu ngumu. Huanza na wagonjwa waliopatikana katika majuma mawili yaliyopita, si tangu mwanzo, kwa kuwa wa zamani wamepona au wamekufa. Hufikiri ni wangapi hawakupatikana kwa kila mmoja aliyepatikana. Mahali ambapo vipimo ni haba huongeza, mahali ambapo ni vingi hupunguza. Hugawanya kwa idadi ya watu wa mahali pale. Halafu hutazama anakwenda kukutana na watu wangapi, na hapa ndipo wengi wetu hukosea.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila watu 1,000 wa mahali fulani yupo mmoja mwenye kuambukiza. Ukikutana na mtu mmoja barabarani, hatari ya kuwa ndiye ni moja katika elfu. Ni ndogo, nawe huenda ukacheka. Lakini wakikusanyika watu 400 katika matanga au katika Misa, nafasi ya kuwamo angalau mmoja mwenye ugonjwa hukaribia theluthi moja. Fanya mikutano mitatu ya namna hiyo, na yaelekea zaidi kwamba angalau mmoja kati yake haukuwa mtupu. Hatusemi kwamba wote watauambukizwa. Hilo hutegemea madirisha, nafasi, na muda tuliokaa pamoja. Twasema kwamba hesabu ile ile ni ndogo machoni pa mtu mmoja na ni kubwa machoni pa jamii. Asemaye "hatari yangu ni moja katika elfu" husema kweli juu yake mwenyewe, lakini hajasema neno juu ya bibi wa Kibondo anayeketi katikati ya wale 400, akipewa mikono na kila mmoja kwa salamu zetu ndefu za Buha.

Kwa hiyo swali hili, ambalo laonekana kuwa la hesabu, ni swali la dhamiri. Wanateolojia wa Kanisa tangu zamani wametofautisha ujinga ambao mtu hawezi kuushinda na ujinga ambao angeweza kuushinda kama angetaka. Wa kwanza humwondolea mtu lawama. Wa pili haumwondolei. Tena uko wa tatu, mbaya kuliko yote, ambao Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliueleza: ujinga wa kujitakia, mtu anapoacha kujua kwa makusudi ili afanye apendavyo bila kusumbuliwa. Tujichunguze. Tuliposema "wilayani kwetu hakuna", je, hatukuweza kujua zaidi, au tulipenda kutojua? Mwaka 2020 kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu na ya Nduta wilayani Kibondo zilikuwa na maelfu mengi ya wakimbizi na wahudumu wao. Mabasi yalikwenda Kigoma na Mwanza. Wafanya biashara walitoka Dar es Salaam. Sote twaijua barabara yetu. Ilitosha kufikiri kidogo.

Kuna upande wa pili wa kosa, nao tusiufiche. Wengine, walipoona kwamba hesabu haitoshi, waliacha kuhesabu kabisa, wakaiachia hofu ifanye kazi ya akili. Kila kikohozi kikawa Korona; kila mgeni akawa mchukuzi wa kifo; mgonjwa akawekewa chakula mlangoni kama mbwa, na mkimbizi akanyoshewa kidole kwa maradhi ambayo huenda yaliletwa na mtoto wa nyumbani. Mwenye hofu na mwenye kupuuza ni ndugu: wote wawili wamekataa taabu ya kukadiria. Busara, ambayo ni ya kwanza katika fadhila nne kuu, haimtaki mtu awe na hakika kamili. Yamtaka atende vema pasipo hakika hiyo.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona si tena dharura ya dunia. Je, fundisho nalo limepitwa? Atokaye Kibondo kwenda kaskazini hupita Kakonko, akafika Nyakanazi katika wilaya ya Biharamulo. Huko, mwezi wa Desemba 2024, ugonjwa wa virusi vya Marburg ulianza kuua watu. Ulitangazwa rasmi tarehe 20 Januari 2025, na ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa watu 10, nao wote 10 walikufa. Katika hao ni 2 tu waliothibitishwa kwa maabara. Wale 8 walihesabiwa baadaye, kwa kufuata habari za kuugua kwao na za waliokutana nao. Kwa majuma kadhaa, basi, hesabu rasmi ya Marburg huko Biharamulo ilikuwa sifuri, na watu walikuwa wakizikwa. Hii ni barabara yetu wenyewe.

Yatupasa nini? Wenye mamlaka yawapasa kuhesabu na kutangaza, kwa kuwa hesabu ya wagonjwa ni mali ya wote, kama kisima cha kijiji; akifunikaye huwanyima maji hata wanawe. Sisi tunaosoma yatupasa kuuliza daima: wamepimwa wangapi, wapi, na lini? Lakini uko wajibu mwingine tunaousahau. Hesabu haianzii wizarani. Huanzia nyumbani, kitandani pa mgonjwa. Baba anayemficha mtoto mwenye homa ili arusi isiahirishwe, ndugu wanaomwosha marehemu usiku bila kumwarifu mganga, wameandika sifuri kwa mikono yao wenyewe, kisha kesho wataisoma gazetini na kutulia. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Siku hizi twaweza kuongeza kwamba huwaumbua na jirani zake.

Tena, tunapokadiria, tusijipime sisi wenyewe. Kijana mwenye nguvu akijipima mwenyewe, ataona hana sababu ya kujinyima cho chote. Kipimo cha haki ni yule atakayeumia zaidi: mzee, mjamzito, mwenye kifua. Tukiuliza hatari ya yule dhaifu kuliko wote mezani petu, tutajua mara moja ni dirisha gani la kufunguliwa na ni safari gani ya kuahirishwa. Hilo si jambo la hesabu peke yake; ndilo pendo la jirani lililojifunza kuhesabu.

Mama yule wa Kasulu, tungekutana naye tena kwa swali lile lile, tusingemjibu kwa neno moja. Tungemwambia: "Mama, hatujui, na kutojua kwetu si ahadi. Wageni watoka wapi? Ni wangapi? Bibi hupumua namna gani usiku?" Pengine tungeshauriana bibi aketi nje chini ya mti, na salamu zitolewe kwa maneno bila mikono. Pengine tungesema afadhali bwana na bibi arusi wapande basi kwenda Kibondo baada ya majuma mawili, wakiwa wazima, wakapige magoti mbele yake wapokee baraka yake huko huko. Arusi isingepungua kitu, nasi tungekuwa tumejibu swali aliloliuliza.