Makao ya Mwanadamu katika Mirihi

Mwaka 1930 jiwe lilianguka kutoka mbinguni huko Malampaka, katika nchi ya Maswa ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Simiyu. Uzito wake haukufika kilo moja. Wataalamu waliliandika katika orodha ya vimondo vya ulimwengu kwa jina la mahali hapo, na wakalihesabu miongoni mwa mawe yaliyo ya kale kuliko mlima wo wote wa dunia hii. Basi mbingu ilikwisha kufika Usukumani kabla ya mtu wa Usukumani kufikiri kwenda mbinguni. Zamani hizo safari ya namna hiyo ilikuwa kichekesho. Sasa vyombo vimekuwa vikitua katika sayari ya Mirihi tangu miaka ya 1970, na swali la kuwa mwanadamu aweza kufanya makao huko limetoka katika hadithi likaingia katika hesabu za serikali na za matajiri.

Aghalabu wanaolijadili swali hili ni watu wa miji mikubwa ambao hawakupata kuianza nchi mpya kwa mikono yao. Watu wa Bariadi, Maswa, Itilima na Meatu wana haki ya kusikilizwa zaidi, maana ujuzi wa kuhama na kuifanya pori kuwa nchi ndio uliowapa hata jina la mtawala wao. Wengi hulitoa neno mtemi katika kutema: mtemi wa kwanza alikuwa yule aliyetangulia kuutema msitu, wengine wakaja nyuma yake. (Wako wasemao kuwa alitema mashauri, si miti, lakini hapana mashauri ya kutema mahali ambapo watu hawajakaa.)

Msitu huo haukuwa mtupu. Ulikuwa na mbung'o, na mbung'o alikuwa na ugonjwa wa kumaliza ng'ombe. Katika miaka ya 1920 C. F. M. Swynnerton, mtaalamu wa wadudu na wanyama, aliongoza pamoja na watemi wa Shinyanga kazi kubwa ya kufyeka vichaka; maelfu ya watu walitoka na mashoka, mbung'o wakakosa kivuli, ng'ombe wakapata malisho. Baada ya mwaka 1947 mpango wa serikali ya wakati ule wa kuiendeleza nchi ya Usukuma uliongeza malambo na kuwahimiza watu kuhama kutoka mahali palipojaa kwenda palipo wazi. Kwa kipimo cha siku zile kazi ya kufyeka ilifaulu. Nchi isiyokalika ilikalika.

Walakini mti uliokatwa kwa ajili ya mbung'o haukuota tena kwa ajili ya kuni. Ng'ombe waliongezeka, pamba ikataka mashamba, udongo ukabaki uchi mbele ya jua na mvua. Mwaka 1986 ilipasa uanzishwe mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita Hashi, wakati Bariadi na Maswa zilipokuwa bado katika mkoa huo. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Nao mpango huo ulifanikiwa pale ulipoacha kuwafundisha watu jambo jipya ukawarudisha kwenye jambo lao la kale, yaani ngitili: sehemu ya malisho ifungwayo mvua zianzapo, ikafunguliwa wakati wa kiangazi kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa na miti. Hapa kuna funzo ambalo wasemaji wa Mirihi hulipita mbio. Kuifanya nchi ikalike si tendo la siku moja. Babu huondoa adui mmoja, mjukuu akakuta adui wa pili ambaye babu alimwalika bila kujua. Na Usukumani kulikuwa na kitu cha kurudia: mbegu zilikuwa bado ardhini, visiki vilikuwa bado hai, na wazee walikuwa bado wanaikumbuka ngitili.

Mirihi haina kisiki. Uzito wa hewa yake haufiki sehemu moja katika 100 ya uzito wa hewa yetu, na karibu yote ni kabonidioksidi isiyovutika. Baridi yake, kwa wastani, ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Katika udongo wake, chombo kilichotua mwaka 2008 kilikuta chumvi za perikloreti, ambazo ni sumu kwa mwili. Mionzi ya jua na ya nyota hupiga uso wake pasipo pazia. Siku yake, kwa bahati, imezidi yetu kwa dakika chache tu. Huo ndio ukarimu wake, pamoja na barafu iliyofichwa chini ya vumbi. Mengine yote mwanadamu atayabeba au atayatengeneza.

Je, aweza kuyatengeneza? Mwezi Septemba 1991, huko Arizona katika Marekani, watu 8 walijifungia katika jumba kubwa la kioo lenye shamba, msitu na bahari ndogo, wapate kuishi miaka miwili kwa hewa na chakula chao wenyewe. Walitoka wakiwa hai, na hilo si dogo. Lakini oksijeni ilishuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 14, kwa kuwa vijidudu vya udongo uliorutubishwa mno viliila, na saruji ya kuta ikamezea kabonidioksidi ambayo mimea ingeigeuza. Mwanzoni mwa 1993 ilibidi oksijeni iletwe kutoka nje. Saruji! Hapana aliyedhani kwamba ukuta utashindana na watu kwa pumzi. Nje ya jumba hilo kulikuwa na dunia nzima ya kuwasaidia. Nje ya jumba la Mirihi kuna Mirihi.

Yamkini siku moja ufundi utashinda hayo. Hapo ndipo swali la pili, la haki, linapokuwa zito. Wahamaji wa duniani karibu kila mara walikuta wenyeji. Wasukuma waliokwenda na ng'ombe wao hadi Rukwa, Kilombero na Usangu walijua hivyo, na wafugaji walioondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 walijua kwa uchungu zaidi. Mirihi, kwa kadiri ijulikanavyo hadi leo, haina mwenyeji wa kudhulumiwa. Kwa hiyo wako wasemao kuwa ni nchi ya kwanza ambayo mwanadamu aweza kuitwaa bila dhambi. Mkataba wa mwaka 1967 juu ya anga za juu unakataza dola kuitwaa sayari yo yote kuwa milki yake, na unazibebesha serikali dhamana ya matendo ya raia zao huko. Lakini hauna neno juu ya mamlaka ya mwenye mtambo wa hewa juu ya wale waivutao.

Basi aliye katika hatari ya kudhulumiwa ni mhamaji mwenyewe, na zaidi ya mhamaji, mtoto wake. Mtoto atakayezaliwa huko atakua katika mvuto ulio asilimia 38 tu ya mvuto wetu, na hapana daktari awezaye kusema leo kama mifupa yake na moyo wake vitaimudu dunia akitaka kuja kuiona. Mtu atajibu kwamba mtoto wa Bariadi naye hakuulizwa juu ya ukame kabla ya kuzaliwa. Ni kweli. Hakuna mzazi aliyepata kumwuliza mtoto. Lakini mtoto wa Bariadi akikua aweza kuuacha ukame, hata kwa miguu. Mtemi aliyezidi ukali zamani alihamwa. Watu walifunga mizigo, wakaswaga ng'ombe, wakaenda kwa mtemi mwingine aliyefurahi kuwapokea, kwa sababu ukubwa wa mtemi ulikuwa watu wake. Mtemi aliweza kutoza, kuadhibu, hata kufukuza. Hakuweza kumzuia mtu kuvuta pumzi akiwa njiani.

Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco mbele ya pwani ya Malindi. Ilipima mionzi ya nyota vizuri sana. Jina lake lilifaa bila taabu, kwa kuwa hapakuwa na mtu ndani yake.

Kijiji cha Mirihi kitakuwa na watu ndani, na mtu mmoja atashika ufunguo wa hewa. Huenda akawa mwema. Hata hivyo, haifai kumpeleka mtu mahali ambapo wema wa mwenye ufunguo ndio haki yake yote. Na kumzaa mtu mahali hapo haifai zaidi. Wapelelezi na waendewe, wakae, warudi; hao walichagua wakiwa watu wazima, na chombo cha kuwarudisha kiwe tayari kabla hawajaondoka. Familia zingoje hadi njia ya kurudi iwe wazi kwa maskini kama kwa tajiri. Kwa sasa nafasi nzuri ya safari baina ya sayari hizi mbili hupatikana mara moja katika miezi kama 26, zikikaa mkao unaofaa, na safari yenyewe huchukua miezi 6 au zaidi. Aliyegombana na mwenye hewa siku moja baada ya nafasi kupita atangoja miaka miwili, akiivuta hewa ya huyo huyo.