Msomee Jirani Kwanza

Neno la leo ni lako wewe wa Kihoto, hapa Naivasha, unayetoka zamu ya shamba la maua jioni na kufungua daftari usiku. Kama maji ya ziwa yalipoingia mlangoni ulinyanyua daftari hilo pamoja na godoro, basi wewe ni mwandishi tayari.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kitabu chake cha riwaya, Caitaani Mũtharaba-inĩ, gerezani Kamiti, mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni, zile ngumu za wafungwa. Kilipotoka mwaka 1980, kilienezwa na sauti za watu. Walisomeana nyumbani, kwenye matatu, hata baa. Msomaji wa baa alipofika penye utamu alinyamaza mpaka aongezewe kinywaji. Mchapishaji alilazimika kuchapa tena mwaka huohuo.

Kwa hiyo usikimbilie kumlipa mpiga chapa akujazie chumba nakala. Msomee jirani sura moja kwa sauti. Akisinzia, irekebishe. Akiuliza kilichofuata, hapo sasa kaombe nambari ya utambulisho wa kitabu, ISBN, kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa. Tafadhali, anza jioni ya leo.