Je, Yatosha Kujua Kufikiri Sawasawa?

Katika vijiji vingi husikika maneno ya namna hii: «Kila mchawi hutembea usiku. Mzee huyu hutembea usiku. Basi, mzee huyu ni mchawi.» Maneno hayo yaonekana kuwa na nguvu, na kwa maneno kama hayo wazee wamefukuzwa nyumbani mwao. Lakini abadiliye majina tu atasikia hivi: «Kila mbuzi ana miguu minne. Mbwa ana miguu minne. Basi, mbwa ni mbuzi.» Hata mtoto atacheka. Walakini umbo la maneno ni lile lile. Ikiwa umbo hilo halitoshi kumgeuza mbwa kuwa mbuzi, halitoshi pia kumhukumu mzee.

Elimu ichunguzayo umbo la maneno yaitwa mantiki. Haiulizi kama watu wanena juu ya mbuzi au juu ya mzee. Yauliza kama neno la mwisho latoka kweli katika maneno ya kwanza. Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kanuni zake zamani. Siku hizi, katika vyuo vikuu, hufundishwa kwa alama, mfano wa hesabu. Mwanafunzi huzoezwa kuthibitisha kila hatua bila kuruka hata moja.

Aliyeianzisha mantiki hiyo ya alama kwa ukamilifu ni Mjerumani Gottlob Frege, mwalimu wa chuo kikuu cha Jena, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1879. Wanafunzi wake walikuwa wachache mno. Mwaka 1913 katika somo lake la juu alikuwamo kijana Rudolf Carnap na rafiki yake, pamoja na afisa mmoja wa jeshi aliyestaafu. Karibu hapakuwa na mwingine. Carnap alisimulia baadaye kwamba mwalimu alikuwa mwenye haya, asiyewatazama wasikilizaji. Mara nyingi waliona mgongo wake tu, akichora alama zake ubaoni.

Hata hivyo mtu huyo mwenye haya alikwisha kuonyesha moyo mkuu. Kwa miaka mingi alikuwa akijitahidi kuthibitisha kwamba elimu ya hesabu yatoka katika mantiki peke yake. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1893. Sehemu ya pili ilipokuwa kwa wapiga chapa, Mwingereza Bertrand Russell alimwandikia barua, tarehe 16 Juni 1902, akionyesha kwamba mojawapo ya kanuni zake za msingi yaleta maneno yanayojipinga yenyewe.

Mfano huu wafanana na jambo lile. Kijijini yuko mwanamume mmoja kinyozi, awanyoaye wanaume wote wasiojinyoa wenyewe, wala hawanyoi wengine. Je, kinyozi mwenyewe hunyolewa na nani? Akijinyoa, imempasa asijinyoe. Asipojinyoa, imempasa ajinyoe. Msingi unaoruhusu mambo ya jinsi hiyo hauwezi kubeba nyumba.

Frege angaliweza kunyamaza, au kumdharau kijana yule. Hakufanya hivyo. Tarehe 22 Juni alimjibu, akakiri kwamba habari hiyo imemshtua. Kitabu kilipotoka mwaka 1903, mwishoni mwake aliongeza maneno ya kueleza kosa hilo mbele ya wasomaji wote. Aliipenda kweli kuliko kazi ya mikono yake.

Msomaji angependa habari iishe hapo. Lakini mwaka 1924, mwaka mmoja kabla ya kufa, Frege aliandika mawazo yake katika daftari siku kwa siku, na kurasa zake zaonyesha chuki kwa Wayahudi. Hakutaka wawe na haki sawa za uraia katika nchi yake. Mwingereza Michael Dummett, Mkatoliki aliyechunguza vitabu vya Frege kwa miaka mingi, na aliyefanya kazi kutetea watu waliobaguliwa kwa rangi yao, alieleza mwaka 1973 jinsi alivyoshtushwa na maandiko hayo.

Yawezekanaje? Sababu si ngumu kuiona. Mantiki huchunguza njia. Haichunguzi mahali pa kuanzia. Mtu akisema: «Watu wote wa ng'ambo ya mto ni wezi. Fulani ametoka ng'ambo ya mto. Basi, Fulani ni mwizi,» umbo la maneno yake ni kamili. Hakuna mwalimu wa mantiki awezaye kulikosoa. Ubovu wote umo katika neno la kwanza, nalo lilipokewa bila kupimwa, labda tangu utoto, penye moto wa jioni. Frege alipoambiwa kwamba msingi wa hesabu yake una ufa, aliufukua akautazama. Msingi wa chuki yake hakuufukua.

Basi mtu asiidharau elimu hiyo. Yeye aijuaye, hata kidogo, angalimwokoa mzee yule. Lakini maswali ni mawili. La kwanza: je, neno la mwisho latoka katika maneno ya kwanza? Hilo hufundishwa ubaoni. La pili: je, neno la kwanza lenyewe ni kweli, na limejulikanaje? Hilo kila mtu hujiuliza mwenyewe, hasa neno linapomshtaki mwingine.

Mkatekumeni achunguzaye dhamiri yake jioni asiulize tu ametenda nini mchana. Aulize pia ni neno gani juu ya jirani yake amelisadiki bila kulipima. Mzee atembeaye usiku huenda anakwenda kutazama nyavu zake mtoni. Yafaa kumwuliza kwanza.