Lori la Mabua na Maana ya Mfano

Barabara kuu ya Dodoma hadi Singida inakatiza Ikungi, na malori yanayopita humo hubeba shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaliruhusu lori lenye ekseli za kutosha kufikisha tani 56 pamoja na mzigo wake. Kwa mtoto anayekulia kijiji cha kando ya barabara hiyo, lori ni kitu kirefu kuliko nyumba ya kwao, kinachopita mbele yake mara nyingi kwa siku na kwa sekunde chache tu kila mara, wala si mali ya mtu yeyote anayemfahamu. Mtoto huyo huokota mabua ya mtama, miiba ya kushikizia, kipande cha waya na soli ya kandambili iliyochakaa, akaunda lori lake. Mtu mzima akimwona husema anacheza, na maneno hayo hufunga mjadala. Mimi naona mjadala ndipo unapaswa kuanza. Kitendo hicho ni nini hasa? Ni kuiga, yaani kurudia kwa udhaifu kile ambacho wengine wamekifanya kwa nguvu, au ni namna ya kujua? Nashikilia kwamba ni namna ya kujua, na shahidi wangu wa kwanza ni lugha yetu wenyewe.

Kiswahili kina neno moja, mfano, kwa mambo ambayo mtu angedhani yako mbalimbali. Gari dogo lililoundwa kwa kufuata kubwa ni gari la mfano. Mwalimu wa hesabu akifanya swali moja ubaoni ametoa mfano. Yesu alipofundisha habari za mpanzi alisema kwa mfano, na Qur'ani nayo hupiga mifano. Sidhani kwamba lugha imechoka ikakosa maneno. Mfano wa mpanzi hautuambii jina la mkulima, ukubwa wa shamba wala bei ya mbegu. Unatuachia aina nne za ardhi, kwa kuwa ndipo lilipo jambo lenyewe. Nguvu yake imo katika kuacha, na kujua cha kuacha kunahitaji mtu awe ameshajua kipi hakiachiki. Aya ya 26 ya Sura ya Al-Baqara inamtaja mbu katika kuwajibu waliodharau mifano ya Mungu, na funzo lake ni kwamba udogo wa kitu hauupunguzii mfano heshima. Basi lori la mabua ni mfano kwa maana hiyo hiyo kamili. Halina injini, halina breki za upepo, halina dizeli. Lakini lina kichwa na tela, na kati yake pana kijiti kimoja kilichosimama wima, ili tela lifuate kona. Aliyeliunda amekata shauri kwamba lori haliwi lori bila kiungo hicho, na amekata shauri sahihi.

Tukitazame kijiti hicho kwa karibu, maana hoja yangu yote inakitegemea. Tela likifungwa kwa miiba miwili halipindi kona: ama miiba inakatika, ama magurudumu ya nyuma yanaburuzwa mchangani. Hapo muundaji analazimika kugundua kwamba kushikana na kuachiana lazima vikae mahali pamoja, jambo ambalo wahandisi wa malori makubwa walilitatua kwa sahani na pini iliyo chini ya tela. Ndivyo ilivyo kwa gurudumu pia. Tundu la soli likibana waya gurudumu linagoma, likilegea mno linayumba na kuchomoka. Waya ukiwa umepinda, lori linakwenda upande. Hakuna anayeweza kubishana na mchanga juu ya mambo haya. Kisha yanakuja maamuzi yasiyolazimishwa na chochote: mmoja ataweka mipira ya tyubu ya baiskeli chini ya bodi iwe springi, mwingine ataacha springi na kutumia mchana mzima kukata kioo cha mbele na mataa, wa tatu atahesabu ekseli za tela na kukataa kabisa kupunguza hata moja. Ukiyaweka malori hayo matatu sambamba utaona majibu matatu kwa swali moja, la lori ni nini, na kila jibu linaweza kutetewa.

Pingamizi la kwanza ni la zamani sana. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anataja vitanda vitatu: kile cha asili alichokiumba Mungu, kile cha seremala, na kile cha mchoraji. Mchoraji anahesabiwa wa tatu kutoka kwenye ukweli, kwa sababu anaiga sura ya kitu alichokiiga mwenziwe. Kwa kipimo hicho lori la mabua lingewekwa mwisho wa foleni. Lakini hebu tumtendee haki Plato. Anachomlaumu mchoraji ni kwamba anaweza kuchora kitanda bila kujua kinashikaje mzigo, na muundaji wa lori hana uhuru huo, kwa kuwa lake lazima litembee. Tena Plato mwenyewe, katika kitabu cha kwanza cha Sheria, anashauri kwamba atakayekuwa mjenzi acheze kwa kujenga nyumba ndogo za kitoto, apewe na vifaa vidogo vinavyofanana na vile vya kweli. Hakuyaona hayo kuwa uongo. Aliyaona kuwa mwanzo wa ufundi.

Claude Lévi-Strauss, Mfaransa aliyechapisha Fikra za Kishenzi mwaka 1962 (jina gumu, ingawa kitabu chenyewe kinatetea akili za watu walioitwa hivyo), alikwenda mbali zaidi. Alieleza kwamba kitu kikubwa tunakijua kwa kukigawa, kipande baada ya kipande, ilhali kitu kilichopunguzwa kinatupa uzima wake kwanza, na sehemu zake baadaye. Kinachopotea katika ukubwa kinafidiwa katika kueleweka. Kwa lori la barabarani hili ni kweli tupu. Anayesimama kando ya lami huona bampa, kisha magurudumu, kisha turubai, kisha vumbi. Lori zima halionekani kwa mkupuo mmoja ila likiwa limekaa kwenye viganja viwili.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la Plato, nalo lilitoka kwa Galileo mwaka 1638. Ukikipunguza kitu, urefu, eneo na ujazo havipungui kwa kiwango kimoja. Wapenzi wa magari ya mfano Ulaya na Japani hutumia sana kipimo cha moja kwa ishirini na nne. Katika kipimo hicho eneo hupungua mara 576, na ujazo mara 13,824. Lori la tani 56, kama lingepunguzwa hivyo kwa chuma kile kile na mzigo ule ule, lingekuwa na kilo nne hivi. Ndiyo maana gari la mabua hubeba mawe yenye uzito mara nyingi kuliko wake na lisivunjike, ilhali lori la kweli likizidishiwa sehemu ndogo tu springi zinakatika na lami inabonyea. Kwa hiyo mfano unanyamaza kuhusu uzito, na uzito ndio kila kitu kwenye mizani na kwa mfuko wa mwenye gari. Nalikubali hili bila kuzungukazunguka. Anayedhani kwamba kwa kuunda lori dogo ameshajua jinsi kubwa linavyoteremka mlima na mzigo amekosea, na kosa lake linaweza kuua. Lakini kunyamaza kwa mfano kuhusu jambo moja hakubatilishi ushahidi wake kuhusu jingine. Mfano wa mpanzi haumfundishi mtu nafasi ya mashimo ya mtama, na hakuna aliyewahi kuukataa kwa sababu hiyo.

Pwani yetu ina ushahidi ambao ungetosha peke yake. Mtepe, chombo kilichoshonwa mbao zake kwa kamba za makumbi bila msumari na kupandishwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 ulipoundwa upya Zanzibar, ukapewa jina la Shungwaya na kuwekwa ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, hapakuwa na mtepe mzima wa zamani wa kwenda kuupima. Kilichobaki ni maandishi, picha, na mitepe midogo ya mfano kama iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na Mombasa. Mikono iliyochonga vyombo vile vidogo ilikuwa imeamua kwamba kamba hupita hapa na omo huinuka hivi, na maamuzi hayo yakaishi kuliko chombo chenyewe. Kama kuiga kungekuwa kivuli tu, kusingeweza kurudi kuwa mbao.

Upande wa dini, swali la sanamu halinichukulii muda. Lori halina roho, na Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji aliyemjia achore miti na visivyo na roho. Katazo la kuchonga sanamu katika Kutoka 20 linahusu kuviabudu vinavyochongwa. Swali gumu ni lile la upuuzi: je, mja mwenye saa chache duniani azitumie kuunda kitu kisichobeba gunia hata moja? Vitabu vyenyewe vinaonyesha kwamba kipimo na umakini wa mkono ni mambo ya ibada. Nuhu alipewa vipimo vya safina kwa dhiraa. Musa aliambiwa atengeneze hema kwa kufuata mfano alioonyeshwa mlimani, na Bezaleli alijazwa roho kwa ajili ya ufundi. Daudi, katika Sura ya 34 ya Qur'ani, aliagizwa azipime sawasawa pete za deraya. Mpinzani atasema, kwa haki, kwamba hivyo vyote vilikuwa na kazi. Ni kweli. Hata hivyo Abu Daud amepokea habari ya Aisha aliyekuwa na farasi wa matambara mwenye mbawa mbili miongoni mwa vitu vyake vya kuchezea. Mtume alimuuliza kuhusu mbawa hizo, akasikia jibu lake kuhusu farasi wa Sulaiman, akacheka. Farasi yule hakuwa na kazi yoyote, na hakukemewa. Alikuwa na sababu, na mtoto aliweza kuieleza.

Limebaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote: kwamba nausifu ufukara. Mtoto anatumia mabua kwa kuwa hana fedha, na si adabu kuupamba upungufu kwa falsafa. Nasema upungufu huo ni mbaya na uondolewe. Lakini thamani ya kitendo haitokani nao. Watu wazima wenye mishahara hununua boksi la Scania la kampuni ya Italeri, wakatumia miezi kuongeza yale ambayo kiwanda kiliyaacha: mabomba ya breki, kutu kwenye chesisi, tope chini ya bawa la gurudumu. Wanalipia kazi. Na tazama ni wapi furaha yao huanza: pale karatasi ya maelekezo inapoishia na wao kulazimika kuamua. Mwenye mabua anaanzia hapo tangu kijiti cha kwanza. Kinachoniuma ni kwamba akiingia darasani maamuzi yale hayahesabiwi kuwa elimu, ingawa Nyerere alionya mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, dhidi ya shule inayotenga kujua na kufanya. Mkondo wa amali ulioanza sekondari mwaka 2024 unaweza kurekebisha hilo, ikiwa mwalimu atamuuliza mwanafunzi kwa nini aliweka kijiti kimoja na si viwili.

Mtu anaweza bado kusema kwamba mitepe ya Lamu ilihifadhiwa, lakini mabua huoza. Mwaka 1920, katika kaburi la Meketre huko Thebes, Misri, mwanaakiolojia Herbert Winlock alikuta mashua, ghala na karakana ndogo za mbao zilizokaa gizani takriban miaka 4,000, zimtumikie marehemu milele. Lori la Ikungi likisahaulika uani halivuki mvua za Desemba. Sioni kwamba limeshindwa. Mifano ya Meketre iliundwa na mafundi kwa ajili ya mtu mwingine aliyekwisha kufa, na hili limeundwa na yule yule aliyetaka kujua, ambaye bado anakua. Mtama ukishavunwa, mabua mapya yatakuwa shambani, na safari hii kijiti kitawekwa mahali pake tangu mwanzo.