Kosa Linalojulikana



Nani wa kuaminiwa: asiyekosea, au yule ambaye kosa lake linajulikana? Swali hili safari hii tumelichukua mahali ambapo wengi wenu hamkupatarajia, yaani ndani ya vifaa chakavu vilivyong'olewa kwenye mitambo ya simu. Tuvumilieni kidogo.

Baadhi yetu hapa Uingereza ni wapenzi wa redio, na mpenzi wa redio hatulii mpaka apate kipimo chake cha masafa nyumbani. Masafa ni idadi ya mitikisiko ya wimbi katika sekunde moja. Ukirusha wimbi lako kwenye megahezi 10,000, na redio yako ikakosea kwa sehemu moja tu katika milioni, umekwisha kwenda kando kwa hezi 10,000. Sauti ya mtu hewani, kwa mtindo tunaoutumia sisi, haichukui zaidi ya hezi kama 3,000. Maana yake wewe na mwenzako mtaitana usiku kucha, kila mmoja yuko sahihi kwa redio yake mwenyewe, wala hamtasikiana. Kwa hiyo anayetuambia kuwa saa ya mkononi yatosha, na haya mengine ni anasa, hatumkatalii kwa mambo yake. Basi halingojei mtu kwa hesabu ya sehemu katika milioni. Wimbi ndilo linalodai hesabu hiyo.

Zamani kipimo cha namna hiyo kilikuwa mali ya maabara. Kilichotufungulia mlango ni mitumba. Mitandao ya simu za mkononi, hasa ile ya mtindo wa CDMA, ilihitaji minara iende sawa kabisa, ili mtu akiwa safarini simu yake ikabidhiwe kutoka mnara hadi mnara bila kukatika. Humo mlitiwa osileta bora, yaani kifaa kinachotoa mapigo ya umeme, mara nyingi milioni 10 kwa sekunde, bila kuyumba. Mitambo ilipobadilishwa, vifaa hivi vilitupwa na makampuni, vikaingia kwenye minada. Z3801A ya Hewlett-Packard, Thunderbolt ya Trimble, LPRO ya Efratom: majina haya mafundi wa nyumbani huyataja kama wengine wanavyotaja wachezaji wa mpira.

Kuijenga si kazi kubwa. Chukua LPRO. Unaipa umeme wa volti 24 uliotulia, unaifunga kwenye bamba nene la alumini la kutawanyia joto, unaitia ndani ya sanduku la bati, unalehemu waya chache, kisha unangoja dakika kadhaa. Ndani yake mna kitungi cha kioo chenye mvuke wa rubidiamu, na taa. Atomu za rubidiamu hubadili hali zikiguswa na wimbi la mitikisiko ipatayo 6,834,682,611 kwa sekunde, na saketi hulishika jiwe la kwatsi lisitoke kwenye hesabu hiyo. Kwa kuwa ndani ya kitungi mna gesi nyingine pia, kila kitungi hupotoka kidogo kwa namna yake. Na kwa kuwa ni mtumba, taa yake imekwisha kuwaka miaka ambayo muuzaji hakuihesabu.

Sasa kipimo unacho. Utajuaje kwamba kinasema kweli?

Hapa ndipo falsafa inapobisha hodi. Unakilinganisha na setilaiti za GPS, ambazo kila moja imebeba saa za atomu. Nani anazikagua setilaiti? Vituo vya ardhini, vinavyofuata saa za jeshi la wanamaji la Marekani kule Washington. Na hizo zinakaguliwa na nani? Zinapelekwa taarifa zake Sèvres, karibu na Paris, kwenye ofisi ya kimataifa ya vipimo, pamoja na za saa nyingine zaidi ya 400 kutoka maabara zaidi ya 80 duniani, ikiwamo ile ya Teddington hapa London, ambako Louis Essen na Jack Parry waliwasha saa ya siziamu mwaka 1955. Basi huko Sèvres bila shaka kuna saa kuu ya kuzihukumu nyingine zote? La hasha. Hakuna. Zinachukuliwa zote, zinapigwa wastani, na matokeo yanatangazwa mwezi unaofuata. Saa sahihi ya dunia ni hesabu kwenye karatasi, tena hujulikana baada ya kupita.

Katika wastani huo saa hazipewi uzito sawa. Tangu mwaka 2014 uzito hutolewa kwa kutabirika. Saa inayokwenda mbio kidogo, lakini kwa kiasi kile kile kila mwezi, huheshimiwa kuliko ile iliyo sawa leo na kesho inayumba. Ya kwanza unaitoa kosa lake kwa hesabu, ukabaki na kitu safi. Ya pili huna la kuifanya.

Sisi watu wa Kiswahili tusishangae. Saa yetu iko kando ya ile ya Kizungu kwa saa sita kamili, na hatujasikia mtu aliyekosa ndege kwa sababu hiyo. Bibi akikwambia kutoka Tanga kwamba atapiga simu saa mbili usiku, unajua la kufanya.

Lakini tunapochagua watu tunasahau. Vyama vyetu vya kuzikana huku ughaibuni, vinavyokusanya fedha za kusafirishia maiti nyumbani, huvunjika mara nyingi kwa jambo la mweka hazina. Tunamtaka asiye na doa. Akipatikana na kosa moja, tunamwondoa kwa kelele, tunamweka mwingine ambaye sifa yake ni kwamba makosa yake hatujayaona. Kwa maoni yetu, mzee ambaye kila mwaka huchelewesha hesabu wiki mbili, lakini huzileta, na huzileta zote, anastahili kalamu kuliko kijana hodari ambaye hatujui kesho atakuwa wapi. Wapo watakaosema huku ni kuhalalisha uzembe. Hapana. Kosa lisilobadilika na kosa lililofichwa ni vitu viwili mbalimbali, na la pili hatulitetei.

Liko jambo jingine ambalo visanduku hivi vinalijua. Thunderbolt na Z3801A zina jiwe la kwatsi ndani ya joko dogo, na kando yake kipokezi cha setilaiti. Kwatsi ni tulivu kwa sekunde na dakika, lakini miezi ikipita huhama. Bandubandu huisha gogo. Ishara ya setilaiti ni kinyume chake: ukiitazama sekunde hadi sekunde inarukaruka kwa sababu ya anga, ukiitazama siku nzima haina mfano. Fundi ndiye anayeamua kwatsi isahihishwe kwa haraka gani. Akiharakisha, kwatsi itacheza kila ngoma ya anga na uzuri wake utapotea. Akichelewa mno, itahama bila kurudishwa. Wengi huweka muda wa dakika kadhaa hadi saa nzima. Tunapoona ujumbe wa WhatsApp kutoka nyumbani unavyoweza kugombanisha ukumbi mzima kabla chai haijapoa, kisha jioni ikaja habari ya kuukanusha, tunajiuliza sisi tumejiwekea muda gani.

Na antena ikikatika? Kifaa hakizimiki. Katika siku zilizopita kilikuwa kikijifunza jinsi jiwe lake linavyohama, basi kinaendelea kujisahihisha kwa kumbukumbu hiyo peke yake. Kwa siku moja kosa huwa ni mikrosekunde chache au makumi. Baada ya wiki kadhaa kumbukumbu imezeeka. Mapigo bado ni mazuri, yana mpangilio, na aliye chumbani peke yake hawezi kusikia tofauti yoyote. Wako miongoni mwetu waliotoka Unguja mwaka 1964 wakiwa vijana, wengine wakapitia Maskati kabla ya kufika huku, na Kiswahili chao ni fasaha hasa. Wajukuu zao wakirudi kutembea, vijana wa Darajani huwauliza wamejifunza wapi lugha ya wazee. Kifaa, kikipoteza setilaiti, huwasha taa ya onyo mbele ya sanduku, hata kama bado kiko sawa.