Picha za Tshibumba zitundikwe vipi?

Ningepewa kazi ya kupanga maonyesho ya Tshibumba Kanda Matulu, nisingeanza na taa wala rangi ya kuta. Ningejiuliza: humu ndani nani anaongea, yeye au mimi?

Alizaliwa 1947 Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwaka 1973 na 1974 alichora karibu picha 100 za historia ya Congo, toka enzi za kale hadi Zaire ya Mobutu, akamuuzia Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyefundisha chuo kikuu hapo mjini. Alimweleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile kile tunachopigia soga kwenye foleni ya maji. Alijiita mwanahistoria. Siku hizi picha hizo ziko Amsterdam.

Sasa, wapangaji hupenda zile kali: mfungwa anachapwa kiboko chini ya bendera ya Ubelgiji, Lumumba na wenzake Mpolo na Okito wamelala wameuawa, misalaba mitatu nyuma yao. Zinavuta macho, kweli. Ila yeye alizipanga kwa mfululizo. Ukichomoa tano tu, umemkata mtu kauli katikati ya hadithi yake, hata kama jina lake umeliandika kwa herufi kubwa mlangoni. Ndugu zetu wa mashirika wanalijua hili: picha ya mtoto analia husafiri, maisha yake yanabaki hapa.

Mtu atanibishia: mbona wachoraji wa Lubumbashi waliuza picha moja moja, za kutundika sebuleni? Ni kweli, na hoja hiyo inanisumbua. Picha ya kiboko ilipendwa sana, watu walikula bukari chini yake. Lakini sebuleni mgeni akiuliza, yupo mwenye nyumba wa kumjibu: hivi ndivyo babu alivyopigwa. Kwenye makumbusho anajibiwa na kibao cha mistari minne.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alipo. Hatuwezi kumwomba ruhusa. Basi ningetundika zote, kwa mpango wake, maneno yake kwa Kiswahili juu na Kiholanzi chini. Kwenye picha za mauaji ningeacha njia ya pembeni na benchi, maana aliyefiwa hatazami kama mtalii. Na mlinzi wa chumba hicho awe Mkongomani, asiambiwe anyamaze wageni wakimuuliza.